UCHAMBUZI: Kutoka Kamba za Mkonge hadi Tengeru, Gharama na Tija ya Kumwandaa Profesa wa Uhandisi

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET, ulioanza kutekelezwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umezoeleka kwa wananchi kupitia picha za mawe ya msingi, kampasi mpya na maabara zinazojengwa mikoani. Majengo huonekana na huhesabika. Sehemu nyingine ya mradi huo, ambayo ni kuwasomesha wahadhiri katika ngazi za umahiri na uzamivu, haina jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa, na pengine ndiyo sababu inazungumzwa kidogo. Hata hivyo, ni katika sehemu hiyo ndipo itakapoamuliwa nani atasimama mbele ya wanafunzi ndani ya maabara hizo.

Katika fani ya uhandisi suala hilo lina uzito wa pekee. Mwanafunzi anayetaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu cha umma hana budi kuhitimu shahada ya kwanza kwa wastani wa alama usiopungua 3.8, na ya umahiri kwa usiopungua 4.0. Huanza na ngazi ya mkufunzi msaidizi, akafuata mhadhiri msaidizi, kisha mhadhiri baada ya kupata uzamivu. Baada ya hapo zipo ngazi za mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa, na kila moja hudai machapisho na muda wa utumishi ambao kwa kawaida haupungui miaka mitatu. Ukijumlisha miaka minne ya shahada ya kwanza, miwili ya umahiri, minne hivi ya uzamivu na mingine tisa ya kupanda ngazi, hesabu inakaribia miaka 20 hata kwa mtu ambaye hakukwama popote. Wengi hukwama mahali fulani.

Serikali ililitambua hilo mwaka 2018, pale sheria iliporekebishwa na umri wa kustaafu kwa lazima kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma, pamoja na madaktari bingwa, ukasogezwa kutoka miaka 60 hadi 65. Wapo walioona hatua hiyo kuwa upendeleo kwa kundi moja la watumishi. Kwa hesabu iliyotangulia, inaeleweka vizuri zaidi kama njia ya kuongeza miaka mitano ya matunda kwa mti unaochukua miongo miwili kuzaa.

Ili kuona matunda hayo ni yapi, inafaa kufuatilia kazi ya mtu mmoja. Profesa Burton Mwamila, mtaalamu wa uhandisi wa miundo, ni miongoni mwa wanazuoni walioijenga fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, Arusha. Jina lake halitajwi sana nje ya duru za wahandisi. Lakini katika utumishi wake zinaonekana kazi tatu ambazo profesa wa uhandisi hutarajiwa kuzifanya: kutafiti, kufundisha na kujenga taasisi itakayobaki baada yake.

Utafiti wake wa miaka ya 1980 ulihusu swali lililozaliwa na mazingira ya Tanzania yenyewe. Nondo ziliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, nazo fedha za kigeni zilikuwa haba. Wakati huohuo nchi ilikuwa na mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka na Tanzania iliongoza duniani, kabla kamba za plastiki hazijaliteka soko na mashamba ya Tanga na Morogoro kuanza kudorora. Swali likawa: je, kamba ya mkonge inaweza kushika nafasi ya nondo ndani ya boriti ya zege?

Kwa haraka jibu linaweza kuonekana kuwa ndiyo, kwa kuwa mkonge ni imara na kila mkulima aliyewahi kufunga mzigo analijua hilo. Ugumu umo kwingine. Zege huhimili vyema mgandamizo lakini ni dhaifu likivutwa, na nondo huwekwa ili kuupokea mvuto huo kabla nyufa hazijapanuka. Chuma hurefuka kidogo sana kinapovutwa. Ukinzani wake dhidi ya kurefuka ni takriban gigapaskali 200, ilhali wa nyuzi za mkonge ni kama sehemu ya kumi ya hapo au pungufu, na ukizisokota kuwa kamba hupungua zaidi. Maana yake ni kwamba boriti yenye kamba za mkonge hupinda na kupasuka kwanza, ndipo kamba ianze kubeba mzigo sawasawa. Aidha, mkonge hunywa maji ukavimba, kisha ukikauka husinyaa na kuachana na zege lililouzunguka. Zaidi ya hayo, maji yaliyomo ndani ya saruji yana ualkali mkali, na ualkali huo hula taratibu gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi.

Profesa Mwamila alilipima suala hilo kwa majaribio na hesabu, na mwaka 1985 matokeo kuhusu kamba za asili kama uimarisho mkuu wa boriti za zege yalitoka katika jarida la kimataifa la saruji na zege nyepesi. Sehemu ya utafiti wa aina hiyo ilipata msaada kutoka Sweden, nchi ambayo kwa miaka mingi imegharamia utafiti wa vyuo vikuu nchini. Watafiti wa nchi mbalimbali waliendelea kutafuta dawa ya tatizo la ualkali, ikiwemo kuchanganya saruji na majivu ya pumba za mpunga ili kuupunguza.

Leo majengo nchini hayajengwi kwa boriti za mkonge. Msomaji anaweza kuuliza iwapo basi juhudi hizo zilipotea bure, na swali hilo ni la haki kwa kuwa fedha zilizotumika, za ndani na za wahisani, zilikuwa fedha za umma. Jibu lina pande mbili. Kwa upande mmoja, taifa lilijua kwa vipimo vyake lenyewe mipaka ya malighafi yake, na kujua kwamba boriti fulani haitafaa ni kinga kwa watakaolala chini yake. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba utafiti mwingi wa uhandisi nchini umeishia kwenye kabati za maktaba kwa kukosa kiwanda cha kuupokea. Hili la pili ndilo lililoonekana kumshughulisha Profesa Mwamila katika nusu ya pili ya utumishi wake.

Kabla ya kulifikia, ni vyema kukumbuka mahali aliposimama. Hadi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, mafunzo ya uhandisi katika ukanda huu yalitolewa Nairobi, kama ambavyo sheria ilifundishwa Dar es Salaam na tiba Makerere. Kitivo cha Uhandisi cha Mlimani kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani, na tangu mwanzo kiliweka utaratibu wa mafunzo kwa vitendo: mwanafunzi hupelekwa kila mwaka viwandani, kwenye karakana na maeneo ya ujenzi, na mwalimu wake humfuata huko kumkagua. Utaratibu huo ni mgumu kuuendesha. Unahitaji nauli, posho na viwanda vilivyo tayari kuwapokea vijana ambao bado hawajui kitu. Lakini ndio uliowafanya wahitimu wa Mlimani wazoee grisi na vumbi kabla ya vyeti, na maprofesa wao wabaki na habari za kinachoendelea viwandani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitivo hicho kilikua na kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, na Profesa Mwamila alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kipindi hicho ndipo lilipoingia nchini wazo la kongano bunifu, yaani kuwakutanisha wajasiriamali wadogo wa bidhaa moja, watafiti na taasisi za Serikali ili shida ya karakana iwe ndiyo mada ya utafiti. Mkutano wa kikanda kuhusu suala hilo ulifanyika Bagamoyo Februari 2004, naye akiwa mmoja wa wahariri wa kumbukumbu zake. Miongoni mwa kongano zilizofuata ni ya wakulima wa mwani Zanzibar, iliyoanza mwaka 2006, ambamo wanawake waliokuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ya chini walijifunza kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Hakuna boriti wala nondo katika habari hiyo. Swali la nani ataupokea utafiti, hata hivyo, ni lilelile la kamba za mkonge.

Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kufundisha mwaka 2011 katika eneo lililokuwa la CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, na kuzinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete Novemba 2012. Hudahili wanafunzi wa umahiri na uzamivu, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuzalisha watafiti na walimu wa vyuo vikuu. Mwaka 2015 mhadhiri wake, Dkt. Askwar Hilonga, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya Pauni 25,000, kwa kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembechembe za nano. Tuzo hiyo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Kwa mkazi wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, ambako floridi katika maji huzidi kwa mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita na kuacha alama za kahawia kwenye meno ya watoto, mada hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Kinachobaki kujadiliwa ni jinsi ya kuipima kazi ya aina hii. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilianzisha tuzo ya fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu, hatua iliyopokelewa vyema vyuoni. Makala ni kipimo kizuri cha utafiti, kwa sababu hukaguliwa na wenzake mtafiti. Lakini mhandisi anayetumia miaka mitano kurekebisha kichujio hadi kifanye kazi kijijini anaweza kuwa na makala chache kuliko mwenzake aliyebaki kwenye kompyuta, na daraja lililokaguliwa na profesa halichapishwi katika jarida lolote. Iwapo wanaopanda ngazi watakuwa wale wanaochapisha pekee, vijana wanaosomeshwa sasa kwa fedha za HEET watausoma ujumbe huo mapema na kuchagua mada zao kwa kuufuata.

Kamati za ushauri za viwanda, ambazo mradi huo unazihimiza katika kila chuo, zinatoa nafasi ya kulirekebisha hilo, endapo sauti ya mwenye kiwanda itasikika hadi kwenye vikao vinavyoamua nani apandishwe cheo.