Fedha za Mafuta na Kura za Bungeni: Nani Anamfuata Mwenzake?

Lita ya dizeli inayotiwa katika lori la jeshi au gari la doria hapa Kigali haikuchimbwa nchini. Imeshushwa melini Dar es Salaam au Mombasa, ikasafirishwa kwa barabara zaidi ya kilometa elfu moja, na katika kila hatua imepitia sheria, ushuru na mikataba iliyoidhinishwa na mabunge ya nchi mbalimbali. Kwa hiyo swali la nani huwalipia wabunge gharama za uchaguzi, na jinsi wabunge hao wanavyopiga kura mambo ya nishati yanapofika mbele yao, si swali la wanasiasa peke yao. Linamgusa kila askari ambaye kazi yake hutegemea tangi lililojaa.

Watu wengi hulijibu swali hilo kwa haraka. Husema kwamba kampuni hutoa fedha, mbunge huzipokea, kisha hupiga kura kama alivyoagizwa. Wahenga nao walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini askari hufundishwa kutofautisha tetesi na taarifa, na hatuna budi kuipima hoja hii kwa mambo yaliyothibitika.

USHAHIDI WA MAREKANI

Tuanze Marekani, kwa sababu huko daftari la michango ya uchaguzi liko wazi kwa umma. Sheria ya mwaka 1907 ilizikataza kampuni kutoa fedha zake moja kwa moja kwa wagombea wa bunge la taifa. Hata hivyo, wenye kampuni na watumishi wao huchanga kwa majina yao na kwa kupitia kamati maalumu, na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2010 ilizifungulia kampuni mlango wa kutumia fedha bila kikomo katika kampeni, mradi zisimkabidhi mgombea mwenyewe.

Mwezi Februari 1956, Baraza la Seneti lilikuwa likijadili muswada wa kuwaondolea wachimbaji wa gesi udhibiti wa bei. Seneta Francis Case wa South Dakota alisimama akawaambia wenzake kwamba wakili mmoja ameacha dola 2,500 kwa ajili ya kampeni yake. Fedha hizo zilitokana na kampuni ya mafuta iliyoutaka muswada huo. Yeye alizikataa, akapiga kura ya kupinga. Hata hivyo muswada ulipita kwa kura 53 dhidi ya 38. Rais Eisenhower, ambaye alikuwa jenerali kabla ya kuwa mwanasiasa, aliukubali muswada kwa shabaha yake, lakini alikataa kuutia sahihi kwa sababu ya njia zilizotumiwa kuupitisha. Kwa maoni yetu, uamuzi huo una fundisho kubwa: jambo linaweza kuwa jema, na njia ya kulifikia ikalitia doa.

Kisa hicho ni cha mtu mmoja na bahasha moja. Je, hali ya jumla ikoje? Mwaka 2020 wataalamu walichapisha katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani uchunguzi wa michango ya kampuni za mafuta na gesi tangu mwaka 1990 hadi 2018, wakailinganisha na kura za wabunge juu ya hifadhi ya mazingira. Walichokiona ni kwamba fedha hufuata kura. Kwa kila asilimia 10 zaidi ya kura alizopiga mbunge kinyume cha hifadhi ya mazingira mwaka 2014, alipata takriban dola 1,700 zaidi kutoka kwa kampuni hizo katika uchaguzi wa mwaka 2016.

Yaani kampuni haimtafuti sana mpinzani ili imgeuze. Humtafuta rafiki ili imdumishe. Mwanajeshi hatashangazwa na jambo hili. Kamanda mwenye akili hapeleki vikosi vyake vya akiba mahali palipokwama. Huvipeleka pale ambapo wenzao wamekwisha kupenya. Mbunge aliyeinunia kampuni hanyang'anywi kitu, ila mshindani wake ndiye anayepewa mafuta ya gari na mabango. Baada ya chaguzi mbili au tatu, bunge limebadilika, wala hakuna hata mtu mmoja anayeweza kushtakiwa kwa rushwa.

TAKRIMA, WARAKA NA AKAUNTI

Katika Afrika ya Mashariki mambo huenda kwa njia nyingine. Tanzania ndiyo inayotupatia mifano iliyo wazi zaidi, na ni haki kusema kwamba imefahamika kwa sababu Bunge lenyewe liliijadili hadharani.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya nchi hiyo iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi ya ukarimu. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba: mwenye nacho angekirimu, asiye nacho angeshindwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka mipaka ya matumizi na kuwataka wagombea na vyama watoe hesabu ya michango.

Hata hivyo, fedha zina miguu mingi. Mwezi Julai 2011, wakati wa makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini, Mbunge Beatrice Shellukindo aliusoma bungeni waraka wa Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, uliozitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha bajeti. Bunge lilichafuka. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alichunguza, na mwezi Agosti Katibu Mkuu Kiongozi akatangaza kwamba halikuonekana kosa la nidhamu. Wabunge hawakuridhika, wakaunda kamati teule yao wenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi Julai 2012, Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Nishati na Madini, baada ya baadhi ya wajumbe wake kutuhumiwa bungeni kwamba walipokea fedha ili kutetea maslahi ya kampuni za mafuta zilizotaka biashara na shirika la umeme, TANESCO. Kazi ya kuchunguza ilipewa kamati ndogo iliyoongozwa na Brigedia Jenerali mstaafu Hassan Ngwilizi. Kamati hiyo haikupata ushahidi wa kuwatia wabunge hao hatiani. Polisi waliosoma sheria ya ushahidi wanajua maana ya neno hilo: tuhuma ikikosa uthibitisho, mtuhumiwa ana haki ya jina lake.

Halafu likaja jambo la akaunti ya Tegeta. Kampuni ya IPTL ilitia sahihi mwaka 1995 mkataba wa miaka 20 wa kuiuzia TANESCO umeme wa megawati 100 kutoka mitambo inayotumia mafuta. Ulipozuka ubishi juu ya malipo, fedha ziliwekwa tangu mwaka 2006 katika akaunti maalumu kwenye Benki Kuu. Mwaka 2013 zikatolewa. Mwezi Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, ilieleza bungeni kwamba fedha hizo zilizidi shilingi bilioni 300, na kwamba sehemu yake ilifika katika akaunti za viongozi kadhaa, wabunge miongoni mwao. Bunge liliazimia wenyeviti watatu wa kamati zake waondolewe. Mmoja wao, William Ngeleja, aliyepata kuwa Waziri wa Nishati na Madini, alirejesha serikalini shilingi milioni 40.4 mwezi Julai 2017. Alisema alizipokea kwa nia njema kama msaada, asijue kwamba mtoaji angehusishwa na kashfa.

Tulitafakari neno hilo, msaada. Marekani fedha hizo zingeitwa mchango wa kampeni na kuandikwa katika daftari. Kwetu mbunge hutazamiwa kuchangia misiba, harusi, visima na karo jimboni mwaka mzima, na mwenye kampuni anayemsaidia kubeba mzigo huo hahitaji kungoja siku za uchaguzi.

MADAFTARI MAWILI

Ili kujua kama fedha zinaambatana na kura, yanahitajika madaftari mawili: la nani ametoa nini, na la nani amepiga kura gani. Katika mabunge yetu mengi daftari la pili ni haba kama la kwanza. Makadirio ya wizara na miswada mingi hupitishwa kwa sauti. Wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, na mwenye kiti huamua kwa sikio. Kenya ilitunga Sheria ya Fedha za Kampeni mwaka 2013, lakini wabunge wakasimamisha utekelezaji wake kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 wakazikataa kanuni zake.

Hapa Rwanda mazingira ni tofauti. Wabunge 53 kati ya 80 huchaguliwa kwa orodha za vyama, si kwa jimbo la mtu mmoja mmoja. Vyama hupata ruzuku ya Serikali, navyo vimekatazwa kupokea misaada ya kigeni. Viongozi hutangaza mali zao kwa Ofisi ya Umuvunyi. Hayo ni maboma mazuri, lakini boma lisilo na mlinzi haliwi boma. Nasi tumekwisha kuingia katika mikataba mirefu ya nishati: mtambo wa gesi ya Ziwa Kivu huko Karongi, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016, na mingine imefuata. Kura moja juu ya mkataba wa namna hiyo hudumu kuliko bunge lililoipiga.

Katiba inawakataza askari wa jeshi na polisi kuwa wanachama wa vyama. Katazo hilo halituzuii kuelewa. Mpelelezi atakayekabidhiwa jalada la mkataba wa mafuta asiishie kutafuta bahasha iliyotolewa usiku wa kuamkia kura. Aangalie miaka iliyotangulia: nani alimlipia nani karo, nani alichimbiwa kisima, na ni nani aliyeanza kusaidiwa baada ya kuonyesha msimamo wake. Na afisa wa ugavi anayeona bei ya lita imepanda ahifadhi hati zake vizuri, kwa kuwa huko ndiko ukweli huanza kuandikwa.