Maji ya Yakan Hayakuwa Wazimu

Katika semina za historia tumejadili sana sababu na matokeo ya vita vya Marekani na Uingereza vya mwaka 1812. Wenzangu wanazitaja sababu bila kusita. Waingereza waliwakamata mabaharia kwenye meli za Marekani na kuwalazimisha kutumikia jeshi lao la majini; waliibana biashara ya Marekani wakati wakipigana na Napoleon; nao Wamarekani walikuwa na uchu wa ardhi. Wanajua pia kwamba mkataba wa Ghent wa tarehe 24 Desemba 1814 uliirudisha mipaka ilipokuwa.

Lakini waulize wanafunzi hao hao, wengi wao wazaliwa wa Arua na Koboko, kuhusu Yakan na mwaka 1919. Utajibiwa kwa kicheko: "Ah, wale waliokunywa maji ili risasi zisiwadhuru!" Basi, mjadala umekwisha. Marekani walikuwa na sababu, sisi tulikuwa na ushirikina. Naandika insha hii kuupinga mgawanyo huo, kwa kuwa ni wa uongo na unatudhuru.

Kwanza nianze na vita hivyo hivyo vya Marekani, maana hata huko tunasoma nusu tu. Kabla ya 1812, Washawnee, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na nabii aliyeitwa Tenskwatawa. Aliwahimiza watu wake waache pombe na bidhaa za wageni, na ndugu yake Tecumseh akayaunganisha makabila mbalimbali kuilinda ardhi yao. Mwezi Novemba 1811, katika mapigano ya Tippecanoe, wafuasi wa nabii waliamini kwamba risasi za Wamarekani hazingewadhuru. Walishindwa. Tecumseh akajiunga na Waingereza, akauawa vitani mwezi Oktoba 1813. Mkataba wa Ghent uliahidi kuwarudishia wenyeji ardhi na haki walizokuwa nazo mwaka 1811, lakini ahadi hiyo haikutekelezwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Wanahistoria hawaandiki kwamba Tecumseh alipigana kwa sababu ya ushirikina. Wanaandika kwamba alipigania ardhi. Kwa nini basi Rembe asisomwe hivyo?

Rembe alikuwa Mkakwa, mtu wa watu wa Koboko. Ili tumwelewe, tutazame kwanza hali ya nchi yetu. Mwaka 1894 Waingereza waliikodisha sehemu hii, iliyoitwa Lado, kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipofariki Desemba 1909, ikabidi irudishwe, na mwaka 1910 ikawekwa chini ya Sudan. Katika kipindi hicho wawindaji wa Kizungu walimiminika kuwaua tembo kwa ajili ya pembe. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akaja Arua kuwa mkuu wa wilaya wa kwanza. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1893 alikuwa amepitia mikononi mwa tawala tatu za kigeni kabla hajatimiza miaka 22, naye hakuulizwa hata mara moja. Mipaka ile ikawagawa Wakakwa katika Uganda, Sudan na Kongo, na Walugbara katika Uganda na Kongo. Kisha zikaja kodi, kazi za kulazimishwa, na machifu na mawakala waliowekwa na serikali juu ya watu ambao hawakuwa na mfalme, bali waliongozwa na wazee wa koo. Juu ya hayo yote, maradhi yaliua watu, na sotoka ikaua ng'ombe.

Hapo ndipo yalipoingia maji ya Yakan. Waingereza waliyaita "maji ya Allah". Walioyanywa waliahidiwa mambo kadhaa: wafu wangerudi, ng'ombe waliokufa wangefufuka, wasingelazimika kulipa kodi, bunduki za serikali zingetoa maji tu, na wao wenyewe wangepata bunduki za kuwafukuza Wazungu.

Tafadhali zisome tena ahadi hizo, taratibu, kama unavyosoma orodha ya madai. Nani huahidiwa kufufuliwa kwa ng'ombe? Ni yule aliyefiwa na ng'ombe. Nani huahidiwa kurudi kwa wafu? Ni yule aliyezika wengi kwa muda mfupi. Ahadi ya kutolipa kodi inamhusu anayetozwa kodi, na ahadi ya bunduki inamhusu aliyetawaliwa kwa bunduki. Sababu za Yakan hazikufichwa. Wahusika wenyewe walizitaja moja baada ya nyingine, ila walizitaja kwa lugha ya imani, nasi tumekataa kuisoma lugha hiyo kwa kuwa haikuandikwa kama tangazo la Bunge la Marekani.

Najua pingamizi la kwanza: maji hayakuzuia risasi. Ni kweli. Rembe alikamatwa na kunyongwa Yei, Sudan, mwaka 1917. Vuguvugu la 1919 lilizimwa kwa nguvu, na baadhi ya machifu walihamishwa kutoka nyumbani kwao. Lakini kushindwa hakuthibitishi kwamba hapakuwa na sababu. Tena maji yalifanya kazi moja ambayo risasi hazikuweza kuifanya: yaliwafunga kwa kiapo kimoja watu wa koo tofauti ambao hawakuwa na kiongozi mmoja. Machifu walioteuliwa na serikali yenyewe waliyanywa. Mkakwa alifuatwa na Walugbara. Jambo hilo katika siasa linaitwa umoja, na watawala waliliogopa kuliko uganga wowote.

Pingamizi la pili: vyanzo ni vichache, na viliandikwa na wageni. Nalo ni kweli kwa kiasi. Mtafiti John Middleton aliishi kati ya Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952 na kuandika kuhusu Yakan, lakini alikuja miaka thelathini baadaye, naye aliandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, tazama walichofanya majirani zetu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 navyo vilikuwa na maji na nabii, Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi wake vijijini wakawahoji wazee. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaifahamu vizuri. Watanzania hawakusema babu zao walikuwa wazimu. Waliyaita Maji Maji kuwa mojawapo ya mizizi ya taifa lao. Maji ni yale yale, ila wao waliandika, sisi tukacheka.

Kicheko hicho kina gharama. Baada ya Yakan, West Nile ilifanywa chimbuko la vibarua wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na la askari wa jeshi la King's African Rifles. Sidai kwamba Yakan ndiyo iliyozaa hayo yote. Nadai kwamba watu wanaposimuliwa bila sababu zao, ni rahisi kuwasimulia vyovyote. Tuliambiwa sisi ni askari kwa kuzaliwa. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, wengi waliona ni haki watu wote wa huku walipe, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Mtu asiye na historia huchukuliwa kuwa na asili tu, na asili haijitetei.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Wanafunzi wenzangu, tuache kuandika neno "ushirikina" kwenye orodha ya sababu. Tuandike kodi, kazi za kulazimishwa, maradhi na mipaka. Wahadhiri wetu, mkubali Yakan kuwa mada ya tasnifu kama mnavyokubali Maji Maji. Na sisi tunaosoma Kiswahili tuwasikilize wazee kwa Kilugbara na Kikakwa, kisha tuandike kwa Kiswahili, ili Mtanzania, Mkenya na Mkongomani watusome. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, lakini wengi hapa nchini bado wanakiita lugha ya amri za kambini. Njia bora ya kukitoa kambini ni kukipa kazi hii: kuwaeleza walioamriwa, na kwa nini walikataa.