Mpe Fundi Vipimo
Anayemwendea fundi na kumwuliza tu anunue pampu gani hajauliza swali linalojibika, na akiuziwa isiyotoa maji, lawama si za muuzaji peke yake. Pampu inayokaa juu ya kisima haivuti maji kama watu wengi wanavyodhani. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na mgandamizo wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari, mgandamizo huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo, na kwa hali halisi ni 7 au 8. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa huo, kimo hicho hupungua tena. Maji yakiwa mita 12 chini, hata mota ya juu iwe kubwa namna gani, itanguruma bure: inatakiwa pampu ya kuzamishwa majini. Watasema fundi mzoefu hukadiria kwa macho. Sawa, lakini anavijua visima alivyovihudumia, si chako, ambacho maji yake hushuka kiangazi. Kamba yenye jiwe inatosha kukipima. Kipime kiangazi hichohicho, andika kimo cha tangi, urefu wa bomba na lita unazohitaji kwa siku, ndipo uulize.