Dawa ya macho: jina moja, hatari nyingi

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea katika Pwani yetu, na Kwale haikusazwa. Mkazi wa Diani au Msambweni aamkapo na jicho linalowasha na kutoa tongo, aghalabu hukimbilia duka la dawa kabla ya zahanati, na ombi lake huwa fupi: "Nipe dawa ya macho." Maneno hayo manne ndiyo kiini cha makala haya.

Lugha yetu imeyaita kwa jina moja mambo ambayo hayana undugu. Kuna viuavijasumu, kama vile matone ya kloramfenikoli na malhamu ya tetrasaiklini, ambavyo hupambana na bakteria lakini haviwezi kuua virusi, ilhali macho mekundu ya mlipuko aghalabu huletwa na virusi. Kuna steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, ambazo huondoa wekundu upesi na kwa hiyo husifiwa sana mitaani. Lakini steroidi hizo, zikitiwa katika jicho lenye kidonda cha virusi vya hepesi au cha kuvu, hukichochea kidonda. Na zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho hadi mshipa wa kuonea ukafa. Kuna pia timololi, inayoteremsha shinikizo hilo, ambayo huweza kumbana pumzi mwenye pumu. Zote hizo ni "dawa ya macho", na vichupa vyake hufanana kama mapacha.

Je, mnunuzi atazitofautishaje? Maelezo huwa ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mithili ya mayai ya sisimizi, na anayetakiwa kuyasoma ni mtu ambaye macho yake yanauma! Hatajua kwamba vichupa vingi vya matone hupasa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa. Hukiweka kabatini, akamtilia mtoto mwaka ujao, kisha akamwazima jirani.

Majina ya maradhi nayo hupotosha. Asikiaye "presha ya macho" huenda akadhani kwamba vidonge vyake vya shinikizo la damu vinatosha, kumbe hayo ni maradhi mengine kabisa. Naye mwenye mtoto wa jicho hununua matone mwezi baada ya mwezi, ilhali hakuna tone liyeyushalo ukungu huo. Tiba yake ni upasuaji, na Kituo cha Macho cha Kwale kimekuwa kikiwahudumia watu wa sehemu hizi tangu miaka ya 1990.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo ni dhaifu. "Usitumie bila ya kuonwa na daktari" na "Mwenye pumu asitumie" ni sentensi ambazo mzee wa Kidigo au wa Kiduruma atazielewa bila ya mkalimani. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika na bidhaa. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo.

Basi Bodi ya Famasia na Sumu na ilazimishe kila kichupa cha dawa ya macho kiwe na onyo la Kiswahili kwa herufi zinazosomeka. Kibandiko kidogo kingetosha. Wenye maduka nao wakatae kuuza steroidi bila ya cheti cha daktari. Nawe msomaji, usiombe tena "dawa ya macho". Uliza: hii ni ya ugonjwa gani, nitaitumia siku ngapi, na nani hapaswi kuitumia? Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likififia, liache duka uende hospitali. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupofuka kwa sababu ya neno.