Timu ya Kata Itavuka? Kijiwe Chagawanyika!

Msomaji wangu, kama wiki hii umepita kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Mbagala ukasikia makelele ukadhani kuna mwizi kakamatwa, hapana, hakuna aliyekamatwa. Ni mpira tu. Tena si Simba na Yanga, hao wamepumzishwa kidogo. Safari hii watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanataka kutoana roho kwa sababu ya timu za watoto wa shule.

Ndiyo, watoto wa shule! Michezo ya UMISSETA imeingia mtaani kwetu, na Jumamosi hii, gazeti hili likiwa bado la moto mkononi mwako, shule yetu ya kata inakwaana na ile shule kongwe ya kule barabarani. Majina ya shule nayahifadhi. Sababu utaiona huko mbele, na pia walimu wakuu wa siku hizi wanasoma magazeti.

Nikupe hesabu yenyewe maana bila hesabu hutaelewa kwa nini watu hawalali. Kundi lina timu nne, zinavuka mbili kwenda mtoano. Kongwe kashinda zote mbili, ana pointi sita na magoli saba ya kufunga, wavuni kwake hajaingia hata nzi. Sisi wa kata tuna pointi tatu: tulifungwa mbili kwa moja na wale wa shule ya kulipia, tukaja kumfunga mkia wa kundi mbili bila. Wale wa kulipia nao wana tatu, ila Kongwe aliwapiga tatu bila, kwa hiyo magoli yao yako chini ya sufuri. Mechi ya mwisho sisi na Kongwe, wao na mkia.

Sasa fundi viatu wetu, shabiki namba moja wa timu ya kata, alichukua kipande cha soli akachora hayo yote kwa msumari. "Tukitoa sare na wale wasishinde, tumevuka. Tukishinda, tumevuka, labda wale wampige mkia mvua ya magoli. Ubishi uko wapi?"

Ubishi ulikuwa kwa dereva wa bajaji, aliyesoma Kongwe na hakuachi usahau kwamba alisoma Kongwe. "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini hiyo hesabu ina neno 'tukishinda'. Mtashinda na nani?"

"Nyie mmeshavuka. Jumamosi mtachezesha benchi."

"Benchi letu ndilo kikosi cha kwanza chenu!"

Jamani, kijiwe kilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi wa watu akakausha, akagonga msumari mmoja kwenye kisigino cha mteja, kisha akaja na silaha nzito. Zambia, mwaka 2012. "Nani hapa alisema Zambia watachukua Kombe la Afrika? Ivory Coast walikuwa na Drogba, wana Yaya Toure, wana Gervinho. Mpira ukaisha bila bila, Drogba mwenyewe kakosa penalti. Zikaja za matuta, Zambia wakashinda nane kwa saba. Tena Libreville, karibu na bahari ile ile ndege yao ilikoangukia mwaka 1993, ikamaliza timu nzima! Mtu anakuambia haiwezekani?"

Hapo kidogo pakatulia, hata mimi mwili ulinisisimka. Lakini dereva yule ana ulimi wa pilipili. "Zambia walikuwa na Katongo. Nyie mna nani?"

Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hana timu ila ana wateja, akajaribu kuwapatanisha kwa kuwakumbusha Makongo ya enzi za Kanali Idd Kipingu, ile aliyosoma Juma Kaseja, kwamba zamani shule za sekondari zilikuwa na timu za kutisha. Hakufika mbali, kwa sababu kinyozi wa jirani alikuwa ameshachoka na historia. Akasogeza kigoda, akashusha sauti kama mtu anayeuza simu ya wizi.

"Wazee, tuache porojo. Mkia wa kundi nasikia hawana nauli, Jumamosi hawaji. Wale wa kulipia watapewa pointi tatu mezani. Maana yake sare haitusaidii kitu. Ushindi tu. Na ushindi mimi ninao. Nina vijana wawili wa ndondo, moto wa kuotea mbali. Kila mmoja elfu ishirini na msosi wa jioni."

Mamluki! Msomaji, kama hujui neno hili basi hujawahi kusoma sekondari Tanzania. Mamluki ni yule anayevaa jezi ya shule asiyosoma. Ndugu yake ni kijeba, huyo anasoma kweli, ila miaka yake imekimbia kuliko vidato vyake. Hawa wawili wamecheza mpira wetu wa shule miaka yote, na ukiona golikipa wa kidato cha pili anaaga kwamba anawahi kumpeleka mwanawe kliniki, usishangae.

Dereva wa bajaji akaruka. "Nitakata rufaa! Nina simu yenye kamera, nawapiga picha mmoja mmoja!" Akaanza kutukumbusha Serengeti Boys. Na hapa, ingawa mimi ni wa kata, nilimuunga mkono moyoni. Mwaka 2005 vijana wetu walishafuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia. Ikabainika kuna mchezaji kazidi umri. Tukatolewa, nafasi wakapewa Zimbabwe, na watoto wengine wote waliokuwa na umri halali wakabaki nyumbani na mabegi yao.

"Na 2017 je?" akauliza fundi. "Mbona hiyo huisemi?"

Ni kweli, 2017 kibao kiligeuka. Congo Brazzaville walishatutoa, tuliwafunga tatu kwa mbili hapa Dar, wao wakatufunga moja kwao, goli la ugenini likatumaliza. TFF wakakata rufaa kuhusu mchezaji mmoja. CAF wakataka apimwe kwa MRI, ile mashine inayopiga picha mfupa wa kifundo cha mkono kuona kama umeshakomaa, maana cheti cha kuzaliwa unaweza kukiandikisha upya lakini mfupa hauandikishwi. Wakongo hawakumleta. Wakaondolewa, tukaenda sisi Gabon. Tukatoka suluhu na Mali, tukamfunga Angola mbili kwa moja, tukafungwa moja na Niger, basi, safari ikaishia hapo kwa sababu Niger tulilingana nao pointi na wao ndio waliotufunga.

"Kwa hiyo," akasema fundi, "rufaa ni kamari. Leo inakupiga, kesho inakupa."

Mnaona mtu akitaka jambo lake anavyolizungusha.

Mimi nilichangia kidogo. Wale wanaokumbuka ile filamu ya Friday Night Lights ya mwaka 2004, ni mpira wao wa Kimarekani ule wa kubeba kwa mikono, wanajua habari ya shule ya Permian kule Texas. Mwaka 1988 kweli timu tatu zilimaliza sawa, za kuvuka ni mbili, basi makocha wakakutana usiku wa manane wakarusha sarafu, mji mzima umekodolea televisheni! Permian wakavuka kwa sarafu, wakaja kutolewa nusu fainali na Carter ya Dallas, kumi na nne kwa tisa. Filamu imeifanya fainali ili watu walie zaidi. Carter wakachukua ubingwa wa jimbo. Sasa kuna mchezaji wao mmoja, ubishi ulikuwa maksi zake za aljebra, kafaulu hakufaulu. Kesi ikaenda mpaka mahakamani, na baadaye ubingwa wakanyang'anywa, akapewa mwingine. Aljebra, msomaji! Huko mtu hakuwa mamluki wala kijeba, alikuwa mwanafunzi wao kabisa.

Kinyozi akanitazama kama nimemwagia maji ya betri. "Mwandishi, hapa Mbagala, siyo Texas. Toa mchango."

Kopo la kashata likatolewa kashata. Fundi viatu ndiye aliyetangulia, elfu kumi, pesa ya soli mbili hiyo. Wengine wakafuata, elfu tano, elfu mbili, mmoja katoa sarafu za mia mia kama anatoa sadaka. Ikahesabiwa: thelathini na tano elfu. Inatakiwa arobaini. Macho yote yakanigeukia mimi, eti "wewe unalipwa na gazeti". Wanaonijua wanajua malipo ya safu hii.

Nikauliza swali moja tu, kwa nia ya kuvuta muda. Wakiingia hao wawili, wanatoka akina nani?

Kinyozi akajibu bila kufikiri. "Namba nane anatoka, yule hana pumzi. Na beki wa kushoto."

Beki wa kushoto ni mtoto wa fundi viatu.

Si kwamba kinyozi alikuwa hajui. Anajua, sote tunajua, mtoto yule tumemwona tangu anavaa kaptula ya chekechea. Ila joto la mpira lilikuwa limetupanda. Fundi akashika nyundo. Akagonga msumari ule ule ulioshazama zamani, mara tatu, mara nne. Halafu akasema bila kuinua uso: "Yuko kidato cha tatu. Mwakani atacheza."

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye safu hii, na ndiyo sababu ya kuficha majina. Mimi nimewahi kuwa mamluki.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi, mguu wangu wa kulia ulikuwa na sifa mtaani. Mwalimu mmoja wa shule moja, si ya hapa, akaja na pikipiki. Akanipa jezi namba saba na jina. Ndiyo, jina. "Leo unaitwa fulani, ukiitwa jibu." Nikaitwa mara tatu na mwamuzi wa mezani, nikajibu mara tatu, mara ya tatu nilikuwa nimeshazoea.

Mwenye jina alikuwepo. Aliambiwa akae nyuma ya goli na asigeuke akisikia anaitwa. Mapumziko akaniletea maji kwenye chupa, akachuchumaa, akaniambia, "Kaka, yule beki wao anachelewa kugeukia ndani. Usiende kwenye chaki, ingia ndani." Kipindi cha pili nikaingia ndani, beki akachelewa kugeuka, nikafunga. Watu wakaimba jina lake. Mimi nikapunga mkono.

Tulishinda mbili kwa moja. Baada ya siku tatu ikakatwa rufaa, mtu alinitambua, timu ikatolewa. Yule mwenye jina alikuwa kidato cha nne, mwaka wake wa mwisho. Hakuna mwakani. Jina lake ninalo mpaka leo, lote matatu, na wachezaji niliocheza nao siku ile siwakumbuki hata mmoja.

Niliwaeleza pale kijiweni kama nilivyokueleza wewe. Dereva wa bajaji, ambaye ningetegemea ashangilie, akanyamaza akakoroga kahawa isiyo na sukari. Kinyozi akasema mimi nilikosea kwa kukubali kuonekana sura, mamluki mzuri huvaa kofia mpaka mechi ianze. Huyo bwana hafundishiki. Muuza kahawa akauliza kama nilipewa shilingi ngapi. Nilipewa elfu tatu na soda.

Tukiwa hapo hapo akatokea mtoto mwenyewe, kavaa sare, begi mgongoni, katoka shule. "Shikamooni." Tukaitikia wote kwa pamoja, marahaba ndefu kama ya msibani. Alikuja kuchukua njumu zake, soli ya kushoto ilikuwa imeachia, baba yake kaishona uzi wa rangi tofauti kwa sababu mweusi ulimwishia. Akakaa chini, akavaa, akaruka ruka mara mbili.

"Zinabana?" akauliza fundi.

"Hazibani, baba. Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja."

"Mwalimu kasema namba kumi yao nimkabe mimi. Nimeshamwangalia, anatumia kushoto tu."

Akaondoka anakimbia, njumu kazishika mkononi asizimalize kwenye lami. Hakuna aliyesema kitu. Dereva wa bajaji ndiye aliyevunja ukimya, tena kwa sauti ndogo: "Ni kweli. Yule namba kumi wetu mguu wa kulia hana kabisa." Akagundua ametoa siri ya kambi, akawasha bajaji akaenda zake.

Naandika haya Jumatano usiku. Kinyozi anasema vijana wake wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Thelathini na tano elfu ziko kwenye kopo la kashata, fundi hajaiomba elfu kumi yake irudishwe wala hajaongeza, na kopo lenyewe muuza kahawa kalihamishia chini ya jiko. Elfu tano yangu iko mfukoni. Mechi ni saa kumi jioni.