Muuguzi Aliyechagua Wodi ya Wazee

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na akina mama wajawazito. Mwezi huu mtuvumilie tuzungumze juu ya babu na bibi zetu, na juu ya muuguzi mmoja wa Marekani ambaye kazi yake imetufundisha na kutuaibisha kidogo.

Anaitwa Terry Fulmer. Alipata shahada ya uuguzi mwaka 1976 katika chuo cha Skidmore, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Beth Israel mjini Boston. Sisi tuliosomea uuguzi zamani tunakumbuka jinsi mwanafunzi hodari alivyotamani chumba cha upasuaji au wodi ya wazazi. Kwenye vitanda vya wazee alipangwa yule aliyechelewa kuripoti. Fulmer aliifanya kazi hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Katika miaka ya 1980 alikuwa akiwafundisha wauguzi namna ya kumtambua mzee anayeteswa au kuachwa bila matunzo, jambo ambalo watu hawakupenda hata kulitaja. Tena alitaka kila wodi iwe na muuguzi wake aliyejifunza mambo ya wazee, ambaye wenzake watamwendea kuuliza.

Lakini lililotugusa zaidi ni orodha yake fupi ya mambo sita ya kuangalia kwa kila mzee aliyelazwa: usingizi, kula, kushindwa kuzuia haja, kuchanganyikiwa, kuanguka, na ngozi kuchubuka. Herufi za kwanza kwa Kiingereza huunda neno lenye maana ya viungo vya mchuzi, kwa hiyo hata muuguzi aliyechoka hasahau. Haihitaji mashine wala umeme.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Nyumbani alikuwa akitembea kwa fimbo yake na kuwataja wajukuu wote kwa majina. Sisi tulishughulika na mfupa. Usiku wa tatu akaanza kuzungumza na mumewe aliyekwisha kufariki, nasi tukaandika kwenye faili kwamba ni uzee. Uji uliwekwa juu ya kabati mahali ambapo mkono wake haukufika, na kikombe kikaondolewa kimejaa. Siku ya tisa binti yake, akimgeuza ili ambadilishie shuka, aliona kidonda kikubwa juu ya matako. Akatuambia taratibu, "Sista, mama nilimleta anaumwa mguu tu." Hatukuwa na jibu. Bibi yule hakurudi nyumbani kwake.

Leo tunajua kwamba mzee anayechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hana "uzee", ana ugonjwa. Huenda amepungukiwa maji, ana maambukizo ya mkojo au ya mapafu, ana maumivu, au amepewa dawa isiyomfaa. Na kidonda cha kulala huanza na wekundu mdogo, au weusi kwenye ngozi kama yetu, ambao ukionekana mapema na mgonjwa akageuzwa mara kwa mara, hauendelei. Katika mambo sita yale, bibi yetu alikuwa na matatu mbele ya macho yetu.

Mwaka 2005 Fulmer akawa mkuu wa Chuo cha Uuguzi cha Chuo Kikuu cha New York, ambacho mwaka huo kiliwekwa chini ya chuo cha madaktari wa meno. Wengine watacheka. Sisi hatucheki, maana mzee mwenye kinywa kibovu hali, na asiyekula hapati nguvu za kuinuka. Alikuwa pia muuguzi wa kwanza kuwa rais wa chama cha wataalamu wa mambo ya uzee cha Marekani. Mwaka 2015 alishika uongozi wa Mfuko wa John A. Hartford, na kuanzia mwaka 2017 mfuko huo pamoja na wenzake ukazihimiza hospitali kuzingatia mambo manne: lipi lina maana kwa mzee mwenyewe, dawa zake, akili yake, na kutembea kwake.

Wako wenzetu wasemao kwamba hayo ni ya nchi tajiri, na kwamba kwetu wazee hutunzwa na watoto wao. Hatukubaliani nao. Watoto wako mijini, na wodini usiku tuko wauguzi wawili. Ni kweli hatuwezi kumweka mtaalamu kila wodi. Lakini shule zetu za uuguzi zingeweza kumweka mwalimu mmoja ambaye somo lake ni wazee, naye asiwe yule aliyekosa somo jingine.

Nanyi nyumbani, mkimleta mzee hospitalini, mleteni na fimbo yake na miwani yake. Leteni dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, hatutawagombeza. Tuelezeni alikuwaje wiki iliyopita: alikuwa akitembea hadi wapi, akila nini, akizungumza namna gani. Na mkikuta kikombe cha uji kimejaa kama kilivyoletwa, tuulizeni, hata kama mtatukuta tumekunja uso.