Bima mpya, maradhi ya zamani: Nani atamlipia Mkenya asiye na mshahara?

OKTOBA 1, 2024 Kenya ilizika rasmi Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyokuwa imedumu tangu mwaka wa 1966, na mahali pake ikaanza kazi Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Wananchi waliahidiwa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa ambaye angefukuzwa mlangoni pa hospitali kwa kukosa fedha, wala familia ambayo ingeuza shamba ili kumtibu mzazi wao.

Kufikia mwaka wa 2025 serikali ilikuwa ikijivunia kusajili zaidi ya watu milioni 20. Ni idadi kubwa, na kwa hakika NHIF haikuwahi kuwafikia Wakenya kwa kasi kama hiyo. Hata hivyo, kusajiliwa ni jambo moja na kulipa ni jambo jingine. Miongoni mwa wale wasio na ajira rasmi, waliokuwa wakitoa michango walikuwa sehemu ndogo tu ya waliojiandikisha. Mwenye nambari ya SHA asiyelipa mchango anaweza kutibiwa katika zahanati au kituo cha afya, lakini akihitaji kulazwa au kupasuliwa hukuta kwamba nambari hiyo haimfai kitu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mjadala wa umma umejikita katika mitambo ya kompyuta, ufisadi na mivutano ya kisiasa. Hayo yote ni mambo mazito, lakini yanalifunika swali ambalo kila serikali tangu uhuru imelikwepa: katika nchi ambamo zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta ya jua kali, ni nani atakayegharamia matibabu ya asiye na mshahara?

Swali hilo lina historia ndefu. Mwaka wa 1965, serikali changa ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa ada katika hospitali za umma, ikitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Kufikia 1989, uchumi ukiwa umedorora na wafadhili wakishinikiza mageuzi, wagonjwa walianza tena kuchangia gharama. Malalamiko yakazidi, ada zikasitishwa kwa sehemu kubwa mwaka wa 1990, kisha zikarejeshwa mwaka wa 1992.

Mwaka wa 2004 ada zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Mwaka huohuo, Waziri wa Afya wakati huo, Bi Charity Ngilu, aliwasilisha mswada wa bima ya afya kwa wote. Bunge liliupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi kwa hofu kwamba nchi haingemudu gharama zake.

Juni 2013, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilifuta ada za zahanati na vituo vya afya na kufanya huduma za kujifungua kuwa bila malipo katika hospitali za umma. Desemba 2018 kukazinduliwa majaribio ya afya kwa wote katika kaunti za Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Wagonjwa walifurika hospitalini, jambo lililodhihirisha ni wangapi waliokuwa wakivumilia maradhi nyumbani kwa kukosa pesa. Majaribio hayo hayakupanuliwa yalivyokuwa hadi kaunti nyingine.

Katika visa vyote hivyo ahadi ilitangulia na fedha zikafuata nyuma zikichechemea. Je, mageuzi ya sasa yana tofauti gani?

Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya. Mojawapo, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliunda hazina tatu. Ya kwanza hugharamia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, nayo hutegemea fedha za serikali. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), inayotegemea michango ya wananchi na kugharamia matibabu ya hospitali. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu, inayopaswa kumwokoa mgonjwa wa saratani au wa figo baada ya fedha zake za SHIF kuisha.

Katika suala la haki, sheria hiyo ilipiga hatua. Chini ya NHIF, mfanyakazi wa mshahara wa Sh20,000 alikatwa Sh750 kwa mwezi, ilhali aliyepata Sh500,000 alilipa Sh1,700, sawa na aliyepata Sh100,000. Sasa kila mmoja hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Yule wa Sh20,000 hulipa Sh550, wa Sh100,000 hulipa Sh2,750, na wa Sh500,000 hulipa Sh13,750. Mwenye nacho humsaidia asiye nacho, jambo ambalo ndilo msingi wa bima yoyote ya jamii.

Tatizo ni kwamba mkono huo wa sheria humfikia tu aliye na hati ya mshahara. Mama mboga, mhudumu wa bodaboda na fundi wa jua kali hupimwa uwezo wao kupitia maswali kuhusu nyumba, paa, maji, mifugo na mali nyingine, kisha hupangiwa kiwango ambacho hakiwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Isitoshe, hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Chini ya NHIF walilipa Sh500 kila mwezi.

Kwa mtu anayeishi kwa mapato ya siku, kutoa maelfu ya shilingi kwa mkupuo mmoja ni mzigo mkubwa. Serikali ililitambua hilo na mwaka wa 2025 ikaleta mpango wa kukopeshwa mchango huo na kuulipa polepole. Lakini mkopo hauongezi mapato. Matokeo yake ni kwamba wengi hungoja hadi waugue ndipo walipe. Bima haiwezi kusimama kwa namna hiyo, kwani huishi kwa michango ya walio wazima.

Pengo hilo huonekana hospitalini. NHIF iliacha nyuma madeni ya zaidi ya Sh30 bilioni. Machi 2025 Rais Ruto aliagiza hospitali zinazodai Sh10 milioni au chini ya hapo zilipwe zote, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Mwezi mmoja kabla ya agizo hilo, hospitali za kibinafsi zilikuwa zimetangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa SHA zikilalamikia malipo. Hospitali isiyolipwa hushindwa kununua dawa, na mgonjwa aliyekwisha kukatwa mchango hutumwa kununua dawa hizo kwenye duka la nje.

Ni kweli pia kwamba sehemu ya fedha huvuja. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya, chini ya Waziri Aden Duale, ilisimamisha vituo kadhaa vilivyoshukiwa kudai malipo ya wagonjwa hewa. Naye Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Bi Nancy Gathungu, alifichua kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, uliogharimu Sh104.8 bilioni, haumilikiwi na serikali. Mwananchi anayeombwa kuchangia kwa hiari ana haki ya kuuliza fedha zake zinalindwa na nani. Imani ikipotea, hata mwenye uwezo hatalipa.

Mahakama nayo iligusa suala hilo la imani. Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria za mageuzi hayo zilikiuka Katiba, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa iliahirisha utekelezaji wa uamuzi huo Septemba, na siku chache baadaye SHA ikaanza kazi. Hivyo basi, wengi walikutana na mpango huo kwa mara ya kwanza walipokuwa tayari wagonjwa.

Kuna pia suala la ugatuzi. Tangu 2013 hospitali nyingi zimo mikononi mwa kaunti 47, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Wahudumu wa afya wamejikuta kati ya ngazi hizo mbili, kila moja ikiinyoshea nyingine kidole. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, wa wauguzi mwaka wa 2017 ukapita miezi mitano, na ule wa madaktari wa 2024 ukachukua siku 56. Bima haimsaidii mgonjwa anayefika wodini na kukuta hakuna wa kumhudumia.

Nchi nyingine zimelikabili swali la asiye na mshahara waziwazi zaidi. Ghana, ilipoanzisha bima yake mwaka wa 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, na hivyo kila anayenunua kitu akawa anachangia. Thailand mwaka wa 2002 iliamua kuwatibu kwa fedha za kodi wananchi wote waliokuwa nje ya bima za watumishi wa umma na waajiriwa. Hakuna kati yazo iliyoepuka matatizo, lakini zote zilikubali kwamba mkulima na mchuuzi hawawezi kufuatwa mlango kwa mlango kudaiwa michango.

Kenya imeanza kuelekea huko kwa hatua ndogo. Mwaka wa 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia michango zaidi ya watu milioni mbili wasiojiweza. Ni mwanzo mwema, lakini msaada wa aina hiyo hufaa tu iwapo utawekwa kwenye bajeti kila mwaka, pasipo kutegemea harambee za wahisani wala misimu ya siasa. Aidha, hazina ya huduma za msingi na ile ya maradhi sugu zisipotengewa fedha za kutosha, mzigo wote utaiangukia SHIF, nayo itaanguka kama ilivyoanguka NHIF.

Mwaka wa 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya ilikuwa miongoni mwao, lakini haijafikia kiwango hicho. Hatari ya kuchelewa ilidhihirika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake na kuwaacha wahudumu na wagonjwa wa mpango wa kukabiliana na Ukimwi katika wasiwasi.

Kwa hivyo, Wizara ya Fedha, Bunge na kaunti zina kazi ambayo tovuti ya usajili haiwezi kuzifanyia: kutangaza kila mwaka gharama halisi ya kumtibu Mkenya asiye na mshahara, kiasi kitakachotoka kwenye kodi, na muda ambao hospitali zitalipwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi kwamba haki hiyo ni ya mwenye hati ya mshahara pekee.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya sekta ya afya nchini Kenya yanajulikana tangu 1965, na kuyabadilisha jina hakutayaponya.